Mwalimu wa Wafukuaji: Maisha ya Bibi Margaret Murray

Kila mwaka, majira ya baridi yalipoanza kuishika London, Profesa Flinders Petrie alifunga makasha yake akasafiri kwenda Misri, akakaa huko miezi kadhaa akifukua makaburi na mahekalu. Naye alipoondoka, idara yake katika University College ilibaki mikononi mwa mwanamke mmoja ambaye kimo chake hakikufika futi tano, ambaye aliwasomesha wanafunzi maandishi ya Mafirauni, akaziangalia shughuli za kila siku, akavishughulikia vitu vya kale vilivyokwisha kuletwa, na kungoja vingine vifike. Petrie amepewa haki yake na wanahistoria, wala hapana insafu ya kumnyang'anya. Lakini Bibi Margaret Alice Murray, ambaye ndiye mwanamke huyo, amekumbukwa na watu wengi kwa kitabu kimoja cha habari za uchawi, ambacho kwa maoni yangu ni dhaifu kuliko kazi zake zote. Na ile kazi iliyo bora kuliko zote, ya kuwalea wanafunzi kwa muda wa miaka 37, kwa kuwa haikuwa na jalada wala jina la mwandishi mgongoni, ilisahauliwa upesi.

Aghalabu watu huifikiria akiolojia, yaani elimu ya athari za kale, kuwa ni kazi ya sururu, jua kali na bahati njema: mtu achimbe, aone dhahabu, apigwe picha. Anayejua undani wake hafikiri hivyo. Kigae kilichookotwa ardhini hakisemi neno; husema pale tu inapojulikana kilikuwa kina gani, kando ya nini, juu ya nini na chini ya nini, na pale anapokuwepo mtu aliyekwisha kuona maelfu ya vigae vingine akaweza kukilinganisha navyo. Jiwe lenye maandishi ni pambo la ukuta mpaka apatikane msomaji. Maarifa hayo hayamo shimoni. Hupatikana darasani na mezani, kwa saa nyingi za kuchora, kupima na kunakili, na lazima awepo mtu mwenye subira ya kuyafundisha tangu alifu.

Margaret Murray alizaliwa mjini Calcutta, Bara Hindi, tarehe 13 Julai 1863. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Kiingereza aliyesimamia viwanda vya karatasi, na mama yake alikuwa amefika Hindi kwa kazi ya misheni miongoni mwa wanawake wa huko. Utoto wake ulikuwa wa kuhamahama kati ya Hindi, Uingereza na Ujerumani, na elimu yake ya shule ilikuwa ya vipande vipande, kama ilivyokuwa elimu ya mabinti wengi wa tabaka lake, ambao walifundishwa kiasi cha kupendeza sebuleni na si zaidi. Huko Uingereza aliishi kwa muda kwa baba yake mdogo aliyekuwa kasisi, mtu aliyeamini kwa dhati kwamba wanawake ni duni kwa wanaume na hakuona haya kulisema. Lakini mtu huyo huyo ndiye aliyempeleka kutazama majengo na magofu ya kale, akampandikiza mapenzi ambayo hayakumtoka tena. Mara nyingi mtu hupokea mema na mabaya kwa mkono mmoja.

Alipofika umri wa miaka 20 aliingia kazi ya uuguzi katika hospitali kuu ya Calcutta, na hakukaa sana ukazuka ugonjwa wa kipindupindu, akaona mauti kwa macho yake akiwa kijana mbichi. Mwaka 1887 alirejea Uingereza, akafanya kazi ya kuwasaidia maskini, kisha akakaa na baba yake hadi alipofariki mwaka 1891. Kwa hesabu ya zama zile, maisha ya mwanamke huyu yalikuwa kama yamekwisha kuandikwa: amefika miaka 30, hana mume, hana shahada, hana kazi ya kudumu. Kilichobaki, kwa rai ya majirani, ni kuzeeka kwa adabu.

Hapo ndipo wasia wa mwanamke mwingine ulipoingia kati. Bibi Amelia Edwards, mwandishi wa riwaya aliyesafiri katika mto Nile akarudi na uchungu wa kuona athari za Misri zikivunjwa na kuuzwa, alikuwa miongoni mwa walioasisi mwaka 1882 chama cha kuchimba na kuhifadhi athari hizo. Na alipofariki mwaka 1892 aliacha fedha na vitabu vyake ili kiti cha profesa wa mambo ya Misri kiwekwe University College. Hakukichagua chuo hicho ovyo. Kilikuwa mahali ambapo wanawake waliruhusiwa kusoma na kupata shahada sawa na wanaume, wakati Oxford na Cambridge zilikuwa zingali zikiwanyima haki hiyo. Tena aliweka sharti kwamba profesa wa kwanza asiwe amepita miaka 40, sharti ambalo kila aliyejua mambo alifahamu limekatwa kwa kipimo cha Petrie. Hivyo bibi mmoja aliyekwisha kuingia kaburini alimpa Petrie kiti, na akamfungulia Margaret Murray mlango.

Murray aliingia mlango huo Januari 1894, kwa kuhimizwa na mama yake na ndugu yake wa kike. Alisomeshwa lugha ya Kimisri cha kale na Kikopti na mabingwa wawili, Francis Llewellyn Griffith na Walter Crum, na baada ya muda mchache Petrie akamtia katika kazi ya kuchora vielelezo vya kitabu chake cha uchimbaji wa Koptos. Mwaka 1895 aliandika makala yake ya kwanza, juu ya namna mali ilivyorithiwa katika Misri ya mwanzo, akijaribu kuonyesha kwamba urithi ulipita kwa upande wa wanawake. Nadharia hiyo haikusimama yote mbele ya wataalamu waliofuata. Hata hivyo, kwa mtu ambaye mwaka mmoja nyuma hakuweza kusoma alama moja ya Kimisri, ilikuwa tasnifu ya kustaajabisha. Mwaka 1898 alianza yeye mwenyewe kuwafundisha wanaoanza.

Inafaa tukae kidogo katika darasa hilo, maana ndipo alipofanya kazi ya maisha yake. Mwanafunzi wa maandishi ya Mafirauni huanza kwa kujua kwamba picha anazoziona si picha tu. Bundi aliyechorwa uso wake ukimtazama msomaji si bundi, ni sauti ya m. Mstari wenye mawimbi, ambao kila mtu angedhani ni maji, ni sauti ya n. Mdomo ni r. Alama nyingine hubeba sauti mbili au tatu kwa pamoja, na nyingine hazisomwi kabisa bali huwekwa mwisho wa neno ili kumjulisha msomaji kama neno hilo ni la mtu, la nchi, la mwendo au la huzuni. Irabu haziandikwi. Msomaji wa pwani yetu aliyewahi kuisoma barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu bila irabu atafahamu mara moja jinsi akili inavyolazimika kukimbia mbele ya jicho. Naye alijaliwa kuijua lugha yenyewe, lakini mwanafunzi wa London alikuwa hana lugha, hana irabu, wala hana mzee wa kumwuliza. Murray aliwachukua watu hao hatua kwa hatua, na mwaka 1905 akawatungia kitabu chepesi cha sarufi ya Kimisri, kisha mwaka 1911 kingine cha Kikopti, kwa kuwa alijua kutokana na maisha yake mwenyewe kwamba si kila mwenye akili amepitia shule iliyonyooka.

Yeye na Petrie walitengeneza mafunzo ya miaka miwili kwa watakaokuwa wafukuaji, na humo hapakuwa lugha peke yake: palikuwa historia, uchoraji, elimu ya mawe na madini, na elimu ya mifupa ya binadamu. Wengi katika darasa lake walikuwa wanawake. Wengine walikuwa watu wa kazi zao za mchana waliokuja jioni. Mshahara wa chuo ulikuwa mdogo, naye akaujazia kwa mihadhara katika Jumba la Makumbusho la Uingereza na kwingineko, mihadhara ambayo iliwafikisha watu wa kawaida karibu na elimu ambayo wakubwa wengi walitaka ibaki chumbani kwao.

Isidhaniwe kwamba hakujua kuchimba. Msimu wa 1902 hadi 1903 alikwenda Abydos katika Misri ya juu, pamoja na Petrie na mkewe Hilda, ambaye naye alikuwa mchimbaji hodari asiyetajwa vya kutosha. Murray aliingia kambini kwa jina la muuguzi, akafundishwa uchimbaji, na punde akapewa madaraka juu ya watu wengine, jambo ambalo baadhi ya wanaume walilipokea kwa ugumu, kwa kuwa hawakuzoea kuamrishwa na mwanamke. Nyuma ya hekalu la Firauni Seti wa Kwanza waligundua jengo la chini kwa chini, lililozikwa na mchanga wa karne nyingi, ambalo kuta za njia yake zilijaa maandishi ya safari ya jua usiku katika ahera ya Wamisri. Murray aliyanakili maandishi hayo, akatambua kwamba mahali pale palihusiana na ibada ya Osiris, mungu wa wafu, na mwaka 1904 akakitoa kitabu chake, *The Osireion at Abydos*. Kulimaliza jengo lenyewe kulishinda nguvu za msimu mmoja. Lilisafishwa na wengine miaka kumi baadaye. Msimu uliofuata alikwenda Saqqara, akanakili maandishi ya makaburi ambayo Mfaransa Mariette aliyafukua katika miaka ya 1860.

Hapa nataka kutia neno langu moja. Tunaposema kwamba Petrie alifukua au Murray aligundua, tunasema nusu ya kweli. Waliotia majembe ardhini walikuwa Wamisri, hasa watu wa mji wa Qift na wenzao waliofundishwa na Petrie hata wakawa mabingwa, ambao macho yao yaliweza kuona mabadiliko ya rangi ya udongo pale ambapo mgeni aliona vumbi tupu. Mmoja wao, Ali Suefi, Petrie mwenyewe alimhesabu kuwa mfukuaji bora aliyepata kuwa naye. Historia ambayo inamsikitikia mwanamke wa Kiingereza kwa kusahauliwa, kisha ikawasahau wanaume na vijana hao wa Misri, haijatengeneza mizani yake.

Jambo lililomtangaza Murray kwa umma wa Uingereza lilitokea Manchester. Mwaka 1907 watu wa Petrie walikuwa wamepata huko Rifeh, nchini Misri, kaburi zima lisiloguswa, la ndugu wawili wa ukoo wa kabaila, Khnum-Nakht na Nakht-Ankh, waliozikwa kiasi cha miaka 3800 iliyopita pamoja na majeneza yao yenye rangi, vinyago, na mashua ndogo za mbao. Jumba la makumbusho la Manchester likazipata maiti hizo, likampa Murray kazi ya kuzichunguza. Tarehe 6 Mei 1908, mbele ya hadhira ya watu 500 katika ukumbi wa chuo, alisimama pamoja na wasaidizi wake akaifungua sanda ya Khnum-Nakht, tabaka baada ya tabaka ya kitani, na hakuna mwanamke aliyekuwa ameongoza kazi kama hiyo mbele ya umma kabla yake.

Uingereza ilikuwa imewahi kuona maiti za Misri zikifunguliwa, lakini kwa namna ya tafrija, matajiri wakiwa wameketi na vinywaji vyao. Murray alikataa masihara hayo. Aliona kwamba kila kitambaa, kila fundo na kila mfupa ni ushahidi, akawakusanya wakemia, wajuzi wa nguo na daktari wa mifupa, kila mtu atoe shahada ya fani yake, na mwaka 1910 yote yakatoka katika kitabu kimoja, *The Tomb of Two Brothers*. Kuna waliomlaumu kwa kuwasumbua wafu. Naye aliwajibu kwamba kuijua historia ya wanadamu ni jambo la lazima, wala si ufedhuli. Mimi nadhani walaumu walikuwa na hoja zaidi ya alivyotaka kukubali, kwa kuwa siku ile ile watazamaji waliotaka kipande cha sanda waliambiwa waache majina na anwani zao, na sioni ni elimu gani iliyokuwa ikipatikana kwa kugawa sanda ya mtu.

Lakini kitabu kile kilizaa jambo la ajabu. Maandishi ya majeneza yalisema kwamba wawili hao walikuwa na mama mmoja, Khnum-Aa, na daktari aliyeichunguza mifupa akaona kwamba maumbile yao yanapishana mno, hata akatilia shaka undugu wao. Shaka hiyo ilidumu zaidi ya miaka 100, na ndipo mwaka 2018 wataalamu wa Manchester walipotangaza matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vilivyotolewa katika meno yao, wakaonyesha kwamba mama ni mmoja kweli, na yaelekea baba ni wawili. Maandishi yalikuwa sahihi, na daktari naye hakukosea kuona tofauti. Kama Murray na wenzake wasingeandika kila kitu kwa usahihi, na kama maiti zile zingetupwa baada ya tamasha, swali lenyewe lisingekuwapo.

Katika miaka ile ile ya kazi ya Manchester Murray alijiunga na wanawake waliodai haki ya kupiga kura, akaandamana nao Februari 1907 katika maandamano mashuhuri yaliyopita njia za London zilizojaa matope. Katika chuo chake mapambano yalikuwa madogo na ya kuudhi zaidi: waalimu wanaume walikuwa na chumba chao cha kupumzikia na kuzungumza, na waalimu wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Murray hakuacha kulidai jambo hilo mpaka wanawake wakapata chumba, na chumba walichokuja kupewa baadaye kikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1924 alipandishwa cheo akawa profesa msaidizi, akiwa na umri wa miaka 61, baada ya robo karne ya kuibeba idara.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, safari za Misri zilikatika. Alijitolea kuwa muuguzi nchini Ufaransa, afya yake ikaharibika, akaenda kupumzika Glastonbury, mji wa Uingereza uliojaa visa vya kale; na akili yake, kwa kuwa haikuzoea kukaa bila kazi, ikaigeukia Ulaya. Matunda yake yalikuwa kitabu cha mwaka 1921, *The Witch-Cult in Western Europe*, ambamo alidai kwamba wanaume na wanawake walioteswa na kuuawa Ulaya katika karne ya 16 na 17 kwa tuhuma ya uchawi walikuwa wafuasi wa dini moja ya kale, iliyokuwapo kabla ya Ukristo, yenye mungu mwenye pembe na mikutano yenye taratibu. Kitabu kilisomwa sana. Mwaka 1929 alipewa nafasi ya kuandika habari za uchawi katika Encyclopaedia Britannica, akaiandika nadharia yake kana kwamba ni jambo lililokwisha kukubaliwa, na watu wakaisoma huko kwa miaka mingi. Mwaka 1954 Gerald Gardner, aliyeieneza Uingereza dini mpya ya waitwao wachawi, alitoa kitabu chake kikiwa na dibaji ya Murray.

Wanahistoria walipozifungua hati za mahakama alizozitumia, waliona kasoro kubwa. Ushahidi wenyewe ulikuwa ni maungamo yaliyotolewa na watu waliotishwa au kuteswa, mbele ya mahakimu waliokwisha kujua jibu wanalolitaka. Tena Murray aliyachukua maneno yaliyofanana na ibada ya kweli, na yale ya kuruka angani au kugeuka wanyama akayaacha nje, hata kama yalitoka katika kinywa kimoja na katika sentensi zinazofuatana. Hili ndilo linalonishangaza kuliko lolote katika maisha yake. Mwanamke aliyewafundisha vijana wasitupe kigae kwa kuwa hakipendezi, wala wasikitenge kitu na mahali kilipolala, alipofika katika karatasi za mahakama alitupa na kutenga apendavyo. Labda ni kwa sababu katika mambo ya Misri alikuwa na wenzake wa kumsahihisha, na katika uchawi alitembea peke yake. Mtaalamu akivuka mpaka wa fani yake huweza kuwa mwepesi kuliko mwanafunzi.

Tumwache basi mwandishi, turudi kwa mwalimu, maana njia yake inapita karibu na kwetu. Miongoni mwa waliosoma kwake ni Guy Brunton, aliyefukua Badari na kuonyesha jinsi Wamisri walivyoishi kabla ya Mafirauni. Reginald Engelbach, aliyekuja kuwa mmoja wa wakuu wa Makumbusho ya Cairo. Myrtle Broome, aliyekaa miaka Abydos akinakili michoro ya hekalu la Seti. Na mwaka 1921 akaja Gertrude Caton-Thompson, mwanamke wa miaka 33, mwenye fedha zake, mkimya, na mgumu kushawishika kwa maneno matupu. Murray alimchukua Malta kuchimba pango la Għar Dalam. Baadaye Caton-Thompson alisoma pia Cambridge, akafanya kazi Fayum pamoja na mjuzi wa mawe Elinor Gardner, ambako walikuta maghala ya nafaka yaliyochimbwa ardhini na kutandikwa majani, katika mashamba ya kale kabisa yaliyojulikana Misri.

Jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza ilimwomba Caton-Thompson aende Rhodesia ya Kusini mwaka 1929 kuchunguza magofu ya Zimbabwe Kuu. Ukuta wa uzio mkubwa wa mahali pale unazunguka kiasi cha mita 250, na penye kimo kirefu unafika karibu mita 11, mawe yamepangwa bila chokaa wala udongo. Na walowezi wa Kizungu, ambao waliitaka nchi bila kuwataka wenyewe waliokuwamo, walikuwa wakisema kwamba ni kazi ya Wafoinike, au ya Malkia wa Sheba, au ya yeyote yule alimradi asiwe Mwafrika. Mwaka 1905 David Randall-MacIver, naye mfuasi wa Petrie, alikwisha kusema kwamba majengo ni ya Waafrika, wakamkasirikia. Tena watu waliomtangulia walikuwa wamevuruga udongo wa magofu vibaya, wakitupa tabaka za juu kama takataka ili wawafikie hao wageni wa kale waliowafikiria.

Caton-Thompson alikwenda na wanawake wawili, Kathleen Kenyon, kijana ambaye baadaye alikuwa mfukuaji mashuhuri wa Yeriko, na Dorothy Norie. Alichagua kuchimba chini ya kuta zenyewe, na katika gofu moja ambalo halikuwa limechezewa, kwa kuwa kilicholala chini ya msingi hakiwezi kuwa kimefika baada ya ukuta kujengwa. Alipata vigae vya Kiafrika, vya namna ile ile kutoka juu mpaka chini, na kati yake shanga za kigeni na vipande vya kauri za Uchina, ambavyo vilimjulisha zama. Mwaka ule ule wa 1929 alisimama katika mkutano wa wanasayansi huko Afrika ya Kusini akasema wazi kwamba magofu ni ya Waafrika, na ni ya zama za kati, wala hakuna hata kitu kimoja kinachodai wajenzi wengine. Ukazuka ugomvi, na wakubwa wa nchi wakaendelea kuikataa hukumu hiyo kwa miaka mingi. Kitabu chake cha 1931 hakijapinduliwa katika neno hilo.

Zile shanga na kauri hazikuruka kutoka Hindi na Uchina zikatua bara. Zilipita katika bandari za pwani yetu, Sofala na Kilwa, na dhahabu ya Zimbabwe ikateremka kwa njia hiyo hiyo. Na baadaye katika magofu yale ilipatikana sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, yule ambaye Ibn Battuta alifika katika mji wake mwaka 1331. Caton-Thompson hakuiacha bahari yetu hata hapo: mwaka 1937 alikwenda Hadhramaut kuchimba hekalu la mwezi huko Hureidha, mji wa masharifu wa ukoo wa al-Attas, ambao jina lao halihitaji kuelezwa Lamu wala Unguja.

Murray alistaafu mwaka 1935, na miaka miwili baadaye, akiwa amepita miaka 70, alikuwa Petra akichimba. Aliendelea kuandika, kitabu chake cha *The Splendour that was Egypt* kikatoka mwaka 1949, akawa rais wa chama cha mapokeo ya kale akiwa amekaribia miaka 90, na Julai 1963 chuo chake kikamfanyia karamu ya kutimiza miaka 100, ambayo aliihudhuria akitoka hospitali pamoja na daktari wake. Mwaka huo alitoa vitabu viwili, kimoja kikiwa ni habari za maisha yake, akakiita *My First Hundred Years*, kana kwamba mia ya pili imo njiani. Alifariki tarehe 13 Novemba.

Sarufi yake ya 1905 haitumiki tena. Ilifunikwa na kitabu kikubwa cha Alan Gardiner cha mwaka 1927. Lakini katika darasa lake alikuwamo karani wa serikali aliyejeruhiwa vitani, Raymond Faulkner, aliyejifunza alama za Kimisri katika saa zake za mapumziko. Mwaka 1962 Faulkner alitoa kamusi ya Kimisri cha kati, na kwa kuwa kuzipiga chapa alama zile kulikuwa ghali na taabu, aliiandika yote kwa mkono, Kiingereza na Kimisri pamoja, ikapigwa chapa vivyo hivyo. Wanafunzi wangali wakiinunua, na kila mmoja wao hulazimika kwanza kuuzoea mwandiko wa karani huyo kabla hajaufikia wa Mafirauni.